Mama Anakula kwa Saa, Si kwa Njaa

Tangu mama afanyiwe upasuaji, swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: mtu aliyeondolewa mfuko wa chakula wote anakulaje? Wengine huniuliza kwa kunong'ona tukikutana msibani. Wengine hunipigia simu usiku kwa sababu ndugu yao naye kaambiwa habari hiyohiyo na hawajui waanzie wapi. Naandika kwa ajili ya hao wanaopiga simu. Madaktari walitueleza ugonjwa vizuri na upasuaji ulikwenda salama, lakini siku tuliyoruhusiwa kurudi nyumbani Machame nilikabidhiwa bahasha ya dawa, kadi yenye tarehe ya kliniki, na mama ambaye ilibidi aanze kujifunza kula upya. Kazi hiyo ilikuwa ya nyumbani, na nyumbani hapakuwa na mtu aliyewahi kuifanya.

Lakini ugonjwa wenyewe kwanza, maana ulijificha mahali ambapo unajificha kwa watu wengi.

Mama alikuwa na kiungulia na maumivu chini ya chembe ya moyo kwa miaka. Akienda zahanati anapewa dawa za vidonda vya tumbo, akienda duka la dawa anauziwa hizohizo. Zilikuwa zinampa nafuu kweli, na hapo ndipo pana hatari ninayotamani kila mtu aijue: dawa za kupunguza asidi, kama omeprazoli, zinaweza kutuliza hata kidonda ambacho ndani yake ni saratani. Maumivu yanapungua, mgonjwa anamshukuru Mungu, ugonjwa unaendelea na safari yake.

Kilichobadilika kwanza hakikuwa maumivu, ilikuwa kiasi. Mama ambaye alikuwa akimaliza sahani ya ndizi na nyama alianza kuweka kijiko chini baada ya matonge machache, akisema ameshiba. Halafu sketi zikaanza kumpwaya. Halafu uchovu: akitoka mgombani kurudi jikoni anakaa kwanza ndipo azungumze. Kituo kimoja cha afya kilimpima damu, kikakuta wingi wa damu ni 7 wakati mwanamke mzima anatakiwa awe na angalau 12. Akapewa vidonge vya kuongeza damu, akarudishwa nyumbani. Hakuna aliyeuliza damu hiyo inakwenda wapi. Kwa mwanamke aliyekwisha kukoma hedhi, hilo lilipaswa kuwa swali la kwanza.

Alipimwa pia ultrasaundi, ikasomwa safi. Nyumba nzima ilipumua. Ultrasaundi inaona vizuri ini, figo, nyongo na mji wa mimba, lakini ukuta wa ndani wa mfuko wa chakula si mahali pake. Hewa na chakula vinaziba. Nimekutana na familia nyingi mno ambazo zilitulia kwa miezi kwa sababu ya karatasi ya ultrasaundi isiyo na doa.

Aliyelikamata jambo ni muuguzi mmoja wa makamo katika hospitali ya wilaya. Alimsalimia mama, akamkalisha, kisha akamuuliza bila kuzungukazunguka choo chake kina rangi gani. Mama akasema cheusi, kwa sababu ya vidonge vya damu, ndivyo alivyoambiwa. Muuguzi akauliza tena: kinanata? Kina harufu kali isiyo ya kawaida? Ni kweli vidonge vya madini ya chuma hufanya choo kiwe cheusi. Lakini choo cheusi kinachonata kama lami, chenye harufu inayobaki chooni, ni damu iliyovuja juu huko na kusagika njiani. Wiki hiyohiyo tulipata rufaa ya kwenda kupimwa kwa kamera.

Kipimo cha kamera kinaogopwa bure. Mama alilala njaa, asubuhi akapuliziwa ganzi kooni, akalazwa kwa ubavu wa kushoto, akapewa kidude cha kung'ata ili asiume mrija. Alikabwa kidogo, machozi yakamtoka, na ndani ya dakika chache ilikuwa imekwisha. Daktari alikata vinyama kadhaa kutoka ukingoni mwa kidonda. Hilo la kukata vinyama vingi lina maana, kwa sababu kinyama kimoja kinaweza kuangukia sehemu iliyokufa na jibu likatoka si kweli. Vikapelekwa maabara, nasi tukasubiri.

Jibu lilisema adenokasinoma, yaani saratani iliyoanzia kwenye utando wa ndani wa mfuko wa chakula, zile seli zinazotengeneza ute na majimaji ya kusagia. Wajomba walitaka mama asiambiwe. Nilikataa, na mama mwenyewe alimaliza mjadala kwa kumuuliza daktari. Alikuwa kijana, pengine rika la mdogo wangu wa mwisho, na aliingia akisema, "Shikamoo mama." Mama akajibu, "Marahaba mwanangu. Niambie, ni saratani?" Kijana akavuta kiti karibu, akageuza fomu ya maabara na kuchora nyuma yake. Alichora mfuko, kisha akachora ukuta wake kwa mistari minne: utando wa ndani, tabaka la chini yake, misuli, na ngozi nyembamba ya nje. Akaeleza kwamba saratani huanza mstari wa kwanza na kuchimba kwenda nje, na kwamba kinachoamua matibabu ni imefika mstari wa ngapi, imeingia kwenye tezi ngapi za jirani, na kama imekwisha kusafiri hadi ini au utando wa fumbatio. Ndiyo maana akapigwa siti skani, na baadaye wakamchungulia tumboni kwa tundu dogo kabla ya kuamua lolote. Yake ilikuwa imeingia kwenye misuli na tezi kadhaa, ila haikuwa imesafiri mbali.

"Kwa hiyo mkiutoa wote," mama akauliza, "chakula kitakwenda wapi?"

"Kitatoka kwenye umio na kuingia moja kwa moja kwenye utumbo mwembamba, mama. Tutaviunganisha."

"Na njaa je?"

Daktari alitabasamu, akasema hilo huwa hawaulizwi. Kichocheo kinachoamsha njaa kwa sehemu kubwa hutengenezwa kwenye mfuko wa chakula. Ukiondolewa, njaa nayo hupungua sana, na kwa wengine hupotea kabisa.

Kijijini chanzo kilitajwa kila aina: pilipili, mawazo, kukaa na njaa, hata mkono wa mtu. Mama hajavuta sigara maisha yake yote. Kuna vinavyojulikana kuongeza hatari, kama sigara, pombe nyingi, na vyakula vilivyohifadhiwa kwa chumvi nyingi au kukaushwa kwa moshi, lakini mtuhumiwa mkuu duniani ni kimelea kidogo kiitwacho Helicobacter pylori, ambacho watu wengi hukipata utotoni, ndani ya familia. Waliokigundua ni Barry Marshall na Robin Warren wa Perth, Australia, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wenzao hawakuamini kwamba bakteria anaweza kuishi kwenye asidi ya tumbo, hivyo mwaka 1984 Marshall akanywa mwenyewe mchanganyiko wenye bakteria hao, akaugua, akathibitisha. Mwaka 1994 kimelea hicho kiliwekwa rasmi katika orodha ya visababishi vya saratani, na mwaka 2005 wawili hao wakapewa Tuzo ya Nobel. Wengi walio nacho hawatapata saratani kamwe. Kwa wachache, uvimbe wa miaka mingi unaukondesha utando, seli zinabadilika kidogokidogo, na mwisho zinakataa utaratibu. Mwaka 2022 dunia ilihesabu wagonjwa wapya wapatao 968,000 wa saratani ya tumbo na vifo karibu 660,000. Korea Kusini, ambako ugonjwa huu ni wa kawaida mno, mtu akifika miaka 40 hualikwa kupimwa kila baada ya miaka miwili, na wagonjwa wengi hukutwa mapema, saratani ikiwa bado kwenye mistari ile ya ndani. Kwetu mgonjwa huwa anafika akiwa na sketi zinazompwaya.

Kabla ya kupasuliwa mama alianza dawa za dripu, kemo, ili kuusinyaza uvimbe, na baada ya upasuaji aliendelea nazo. Mojawapo iliitwa oksaliplatini. Tulionywa kuhusu kichefuchefu, tukajiandaa kwa tangawizi na ndoo. Tuliambiwa pia aepuke baridi, na neno hilo nilipoliona kwenye karatasi nilidhani ni koti na blanketi. Mwezi wa saba Machame asubuhi ukungu unashuka hadi mlangoni. Mama aliamka siku moja baada ya dripu, akachota maji ya bomba, na sufuria ikamponyoka. Vidole vilikuwa vinawaka. Akanywa funda moja la maji hayo na koo likambana, akadhani pumzi inakata. Ilipita yenyewe baada ya muda, lakini sote tulitetemeka. Kumbe dawa hii huifanya mishipa ya fahamu isistahimili baridi kwa siku kadhaa baada ya kila dozi: maji baridi, chuma baridi, hata upepo wa mlangoni. Tangu hapo akawa na glavu za sufu hata za kushika kitasa cha mlango, chupa ya chai ya maji ya vuguvugu ikakaa pembeni ya kitanda, na mimi au binti wa jirani ndio tuliogusa maji. Mwambieni daktari kila mara ganzi ya vidole inapodumu hadi dozi inayofuata. Wanaweza kupunguza kipimo, na ganzi isiyosemwa inaweza kubaki.

Upasuaji nitaupita haraka, kwa kuwa sisi tulikuwa nje ya mlango. Ndugu walichangia damu. Ulichukua saa nyingi. Daktari mpasuaji alitoa mfuko wote pamoja na tezi zinazouzunguka, na kabla ya siku hiyo alimtuliza mama kwa kumwambia kwamba operesheni hii si ya majaribio: Carl Schlatter aliifanya Zurich, Uswisi, mwaka 1897, na mgonjwa wake alitoka hospitali akiwa hai. Mama aliwasimulia wenzake wodini habari za huyo mgonjwa wa Uswisi mpaka manesi wakaijua.

Sasa chakula.

Mfuko wa chakula ni ghala. Unapokea mlo mzima, unausaga, kisha unauruhusu uteremke kidogokidogo. Ghala likiondoka, kila unachomeza kinaanguka kwenye utumbo mwembamba palepale. Kwa hiyo hesabu yote inabadilika: mlo unakuwa nusu kikombe cha chai, na milo inakuwa sita au zaidi. Kwa kuwa njaa haimwamshi tena, mama anakula kwa saa. Saa moja asubuhi, saa nne, saa saba, saa kumi, saa moja jioni, saa tatu usiku. Redio yake ndogo ndiyo kengele. Ikianza taarifa ya habari na sahani haijatokea, utamsikia akiita.

Mtori ulituokoa. Ndizi zilizopikwa zikapondwa laini pamoja na nyama iliyochemka hadi kuchambuka, nasi tukazidisha nyama na kupunguza ndizi, kwa kuwa kinachomjenga ni nyama. Mayai ya kuchemsha yaliyopondwa. Maharage yaliyochujwa maganda. Parachichi, ambalo lina mafuta mazuri na linateleza. Dagaa waliosagwa unga tukawa tunanyunyizia kila kitu. Ugali aliuogopa kwa muda kwa sababu tonge lisilotafunwa lilimkaa kifuani, mahali pa ule mshono mpya, na alipourudia alitafuna tonge moja mpaka lilipokuwa uji mdomoni. Sasa meno yake ndiyo mfuko wake wa chakula, ndivyo anavyowaambia wajukuu. Maji hanywi pamoja na chakula. Anasubiri kama nusu saa, maana maji yanausukuma mlo uteremke kwa kasi. Usiku analala kwa mito miwili ili nyongo isimpande kooni.

Somo la sukari tulilipata kupitia shangazi. Alikuja kumwona mgonjwa akiwa na chupa ya uji wa lishe, mtamu sana, kwa mapenzi yote. Mama akanywa kikombe kizima ili asimvunje moyo. Haikupita robo saa, jasho likaanza kumtiririka, moyo unadunda mpaka ukiuangalia shingoni unauona, tumbo linanguruma, akakimbizwa chooni na kurudi amelegea. Shangazi alilia akidhani amemuua. Wataalamu wanaiita dampingi: kitu kitamu kikiangukia utumbo kwa mkupuo, kinavuta maji kutoka kwenye damu, na mwili unashtuka. Kuna na ya pili inayokuja baadaye, saa moja hadi tatu baada ya kula, ambapo sukari iliyopanda ghafla imeshushwa kupita kiasi. Mgonjwa anatetemeka na kuona kizunguzungu. Dawa yake kubwa ni kuacha soda, juisi na uji wa sukari, kuweka nyama, mayai au maharage katika kila mlo, na kujilaza kidogo baada ya kula. Tulimwambia shangazi aendelee kuleta uji, usio na sukari, wenye karanga na maziwa, na kikombe kiwe kile kidogo cha kahawa. Bado analeta.

Lililonichosha kuliko mapishi ni adabu ya chakula. Kwetu mgeni asipokula amekukataa, na mgonjwa asipomaliza sahani mpishi anajiuliza amekosa nini. Krismasi ya kwanza, watu wote wamepanda kutoka mijini, mbuzi wamechinjwa, mama akakaa na kisahani cha mtoto. Kila aliyepita aliongeza kipande. "Kula mama, umekwisha, ongeza nguvu." Wanasema kwa upendo, na upendo huo ungemlaza hospitali. Baba mdogo alimletea kata ya mbege. Naye pia ilibidi aelezwe kwamba pombe kwa mtu asiye na mfuko wa chakula inaingia kwenye damu haraka mno. Mwishowe kaka yangu mkubwa alisimama kabla ya sala ya chakula, akaeleza mbele ya ukoo wote jinsi mama anavyokula na kwa nini. Yakaisha. Saa kumi, watu wakiwa wamekwisha kushiba na wanaimba, mama akaletewa mlo wake wa nne na watoto wawili wakakaa wale naye.

Uzito ulishuka zaidi baada ya upasuaji, na hilo lilinitisha mpaka nilipoambiwa ni kawaida kwa miezi ya mwanzo. Tunampima Jumamosi, mzani uleule, nguo nyepesi. Alichotufundisha mtaalamu wa lishe ni kutazama mwelekeo wa wiki kadhaa, kuliko kuhangaikia namba ya siku moja. Ulipotulia na kuanza kupanda taratibu, mama alishona sketi mpya, za kipimo cha mwili alio nao.

Kuna jambo moja linalosahaulika kwa sababu halina maumivu. Mfuko wa chakula hutengeneza protini inayousaidia mwili kunyonya vitamini B12. Bila mfuko, hata ukila maini kila siku, vitamini hiyo inapita tu. Ini lina akiba inayoweza kudumu miaka, kwa hiyo mgonjwa anajiona mzima, anaacha kliniki, halafu baadaye miguu inakufa ganzi, damu inapungua, kumbukumbu inayumba. Mama anachomwa sindano ya B12 kila baada ya miezi mitatu, na atachomwa maisha yake yote. Mara ya kwanza zahanati ya karibu walishangaa, wakauliza nani kawaambia. Sasa kadi yake imeandikwa juu kwa herufi kubwa kwamba hana mfuko wa chakula, nami napiga simu wiki moja kabla kuuliza kama dawa ipo.

Na ndugu zake. Ndugu wa damu wa mgonjwa wa saratani hii, yaani wazazi, watoto, kaka na dada, wana hatari kubwa kuliko wengine, hivyo daktari alishauri sote tupimwe H. pylori. Hapa niseme wazi: kile kipimo cha haraka cha damu kinachouzwa madukani kinaonyesha kwamba mwili uliwahi kukutana na kimelea, na kinaweza kuendelea kusema ndiyo muda mrefu baada ya kupona. Cha kuaminika zaidi ni cha choo au cha pumzi, na kabla yake unaacha omeprazoli kwa wiki mbili na antibayotiki kwa wiki nne, la sivyo kimelea kinajificha. Mimi nilikutwa nacho, na kaka pia. Tulimeza dozi ya siku 14, dawa mbili za antibayotiki pamoja na ya kupunguza asidi, mdomo mchungu kama wa mgonjwa, tukarudi kupima baada ya wiki kadhaa kuhakikisha kimeondoka.

Mama mdogo, anayemfuata mama kwa kuzaliwa, alikataa kwa muda mrefu. Ana kiungulia cha zamani na kopo la dawa za asidi kwenye pochi. Alisema hataki kumeza mrija. Nilimweleza, kaka akamweleza, mchungaji naye akajaribu. Mwezi uliopita mama alimwendea mwenyewe, akakaa naye jikoni tangu mlo wa saa nne mpaka ule wa saa kumi, na sijui walizungumza nini. Miadi ya kamera ni Jumanne. Mama ndiye anayempeleka, na ameshanituma nimpikie mayai ya kubeba njiani.